Yatima Anapodeka

Yatima hadeki, walisema wazee, na hawakusema kwa ukatili. Walisema walichokiona. Kudeka kunataka mtu wa kumdekea: anayejua kwamba leo umenuna kwa sababu uji umeungua na si kwa jambo lingine, anayekubembeleza mara mbili, mara ya tatu akakukaripia, na usiku akaja kukufunika blanketi. Asiye na mtu huyo hula kinachowekwa mbele yake akashukuru. Nyumbani kwetu tulikua pamoja na binamu aliyefiwa na wazazi wote wawili akiwa na miaka sita. Alikuwa mtoto mwema kutupita sisi sote. Aliosha vyombo kabla hajatumwa, alikaa mwisho wa mkeka, na sikumbuki hata siku moja akikataa mboga. Mama alimpenda kama alivyotupenda sisi, nalisema hilo bila shaka, lakini binamu hakuwahi kuliamini kiasi cha kulijaribu. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba ule wema ulikuwa hofu.

Nimemkumbuka nikikusanya habari za kijiji kimoja kilichoko Oldeani, wilayani Karatu, chini ya mlima wenye jina hilohilo. Kilifunguliwa mwaka 2004, na sasa kimekwisha kuvuka miaka ishirini. Jina lake rasmi ni Rift Valley Children's Village. Hapa tutakiita Kijiji cha Watoto. Humo wanalelewa watoto wapatao mia moja. Waanzilishi wake, Mmarekani India Howell na Mtanzania Peter Leon Mmassy, wamekataa miaka yote hiyo kuitwa wenye kituo cha yatima. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilidhani ni maringo ya maneno, kama yale ya miradi inayobadilisha istilahi kila mfadhili anapobadilika. Nilikosea. Karibu kila jambo la maana lililofanywa pale limetokana na kukataa neno hilo, na hata ugumu uliofuata umetokana na hapo hapo.

Ukitoka Karatu mjini kuelekea lango la Lodoare, magari ya watalii hunyoosha moja kwa moja kuupanda msitu wa ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Barabara inayokata kushoto ndiyo iendayo Oldeani, kisha huteremka mpaka Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu na Ziwa Eyasi. Kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya begi lililofungwa. Masika ni utelezi wa kumfanya dereva azime redio. Mlima Oldeani, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,000, umo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Miguuni pake, nje ya mpaka wa hifadhi, ndiko kahawa ilikopandwa.

Walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba huku katika miaka ya 1920 na 1930, nchi ikiwa tayari chini ya Waingereza. Vita vilipoanza 1939 Wajerumani wale wakageuka maadui, mashamba yakachukuliwa na serikali ya kikoloni, na baadaye yakapata wenyewe wengine. Tangu hapo wenye mashamba wamebadilika mara nyingi. Kambi za vibarua hazikubadilika: safu za vyumba, moto wa kuni nje, bomba moja la maji au mfereji. Watu walikuja kuchuma kahawa kutoka Mbulu na mbali zaidi ya Mbulu. Msimu wa kuchuma kibarua alilipwa kwa alichokijaza, na msimu ukiisha wengine walirudi makwao, wengine hawakuwa na nauli au hawakuwa na pa kurudi.

Kambi ni mahali ambapo ile methali ya wazee inakosa nusu yake ya pili. Yatima hadeki, lakini yatima hatupwi: hiyo ndiyo ilikuwa kanuni isiyosemwa, kwa sababu palikuwapo bibi, shangazi, mjomba, baba mdogo. Ukoo ulikaa ukaamua. Sasa mama akifia kambini, ukoo uko umbali wa siku mbili za basi, na pengine baba hajulikani au keshahamia shamba jingine. Anayebaki na mtoto ni jirani wa chumba cha pili, naye ana wanne wake. Jirani yule si mbaya. Anampa mtoto ugali, anampa na ndoo. Kabla ya miaka saba mtoto anachunga mbuzi wa mtu; kabla ya kumi na miwili anafahamu njia ya kwenda mnadani, na kutoka mnadani anaijua ya kwenda Arusha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo mawili yalikutana juu ya vichwa vya watu wa kambi hizo. La kwanza lilikuwa bei. Mwishoni mwa 2001 kahawa duniani iliporomoka hadi chini ya senti 50 za dola kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa karibu miaka thelathini. Shamba lisilouza haliajiri. La pili lilikuwa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia mwisho wa 2003 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa Tanzania ilikuwa na karibu watoto milioni moja waliofiwa na mzazi mmoja au wote kwa ugonjwa huo. Mpango wa taifa wa kugawa dawa za kurefusha maisha ulianza Oktoba 2004, mwaka uleule Kijiji cha Watoto kilipofunguliwa. Kwa wazazi wengi dawa zilichelewa kwa mwaka mmoja au miwili tu. Ukiwa na miaka mitatu, tofauti hiyo ndogo ya kalenda ndiyo inayoamua utalelewa na nani.

India Howell alikuja Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990 kupanda Mlima Kilimanjaro, akabaki, akafanya kazi ya kusimamia hoteli ya watalii upande wa Arusha. Huko ndiko alikofahamiana na Mmassy, na huko ndiko alikowaona watoto wa mitaani wa mjini. (Ule mlima una historia ya kutuletea wageni wasioondoka, na kuna mwingine tutakutana naye hapa mbele.) Mwaka 2003 ulisajiliwa Marekani mfuko wa kuchangisha fedha, Tanzanian Children's Fund. Mwaka uliofuata nyumba za kwanza zikapata watoto.

Wazo la kijiji cha watoto halikuzaliwa Oldeani. Mwaka 1949, Ulaya ikiwa bado inahesabu mayatima wa vita, Hermann Gmeiner alianzisha cha kwanza katika mji wa Imst nchini Austria: badala ya bweni lenye vitanda arobaini, nyumba kadhaa za kawaida, kila moja na mama yake na watoto wake wa umri tofauti. Vijiji vya SOS vilivyotokana na wazo hilo vilifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1990 na baadaye Arusha. Kijiji cha Oldeani si tawi la SOS, lakini mpangilio wa nyumba na mama wa nyumba ni ndugu yake wa karibu. Anayetaka kuelewa kwa nini mpangilio huo una maana atazame bweni. Bweni lina zamu. Mlezi wa asubuhi hajui mtoto aliota nini usiku, wa usiku hajui aligombana na nani mchana, na wote wawili huondoka mwisho wa mkataba. Mtoto mdogo hujifunza upesi kumkumbatia kila anayeingia mlangoni, na mgeni hufurahi akidhani amependwa.

Jambo hili lilipimwa. Kuanzia mwaka 2000, watafiti wa Kimarekani Charles Nelson, Charles Zeanah na Nathan Fox waliwafuatilia watoto wachanga 136 wa vituo vya Bucharest nchini Romania. Kwa kura, nusu walipelekwa kulelewa na familia na nusu waliendelea na malezi ya kituoni. Matokeo waliyoyachapisha 2007 yalionyesha waliokwenda kwenye familia wakiwaacha wenzao mbali kwa ukuaji wa akili, hasa waliotoka kituoni kabla ya kutimiza miaka miwili. Bibi yeyote wa Karatu angekueleza hilo bila kura. Lakini serikali husikiliza takwimu kuliko mabibi, na mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha miongozo inayosema kituo kiwe kimbilio la mwisho, baada ya ndugu na baada ya familia ya kulea.

Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009. Makao ya watoto yakatakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, afisa ustawi wa wilaya akapewa meno, na raia wa kigeni anayetaka kuasili mtoto akatakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Kwa Kijiji cha Watoto sharti hilo la mwisho halikuleta tofauti yoyote, kwa kuwa hapo tangu mwanzo hakuna mtoto wa kuasiliwa. Howell na Mmassy wakawa walezi wa kisheria wa watoto, na mtoto aliyeingia alikuwa amefika. Haji mgeni kuchagua. Hakuna umri wa kufungashiwa virago. Anaondoka kama mtoto yeyote anavyoondoka kwao, kwenda shule ya bweni, kwenda chuo, kwenda kuoa au kuolewa, na likizo anarudi.

Ukitaka kujua uzito wa uamuzi huo, rudi barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara ya Makuyuni hadi Lodoare iliwekwa lami kwa msaada wa Japani, na safari iliyokuwa ikila nusu siku na springi za gari ikawa ya saa mbili. Ngorongoro, hifadhi tangu 1959 na urithi wa dunia tangu 1979, ikawa karibu zaidi na uwanja wa ndege. Hoteli zikaota Karatu. Pembeni ya hoteli, kuanzia Arusha mpaka huku, vikaota vituo vya yatima. Vingine ni vya watu wema kabisa. Vingine vilijengwa kwa kufuata macho ya mtalii: bango la Kiingereza barabarani, watoto wakiimba saa kumi jioni gari linapotoka kreta, kisanduku cha sadaka mlangoni. Kituo cha aina hiyo kinahitaji watoto wasipungue, na pakikosekana yatima, mtoto wa maskini anatosha. Kijiji kilichojificha kwenye barabara ya vumbi ya Oldeani, ambako mtalii hapiti kwa bahati mbaya, kilijinyima wateja wa aina hiyo. Kina wageni wa kujitolea, kinaishi kwa fedha za wafadhili, siwezi kudai kimetakasika. Ila watoto wake si maonyesho ya njiani.

Basi, watoto wakapata nyumba, mama, vitanda, milo mitatu na mtu wa kumnunia. Hapo ndipo shida nyingine ilipozaliwa, na kwangu hii ndiyo sehemu yenye mafunzo mengi kuliko zote katika historia hii.

Mweke mtoto wa kambini upande wa pili wa uzio. Ana mama na baba, wote hai. Asubuhi anakunywa chai ya rangi, anatembea bila viatu kwenda shule, jioni anaota moto wa moshi. Anamwona mwenzake waliyekuwa wakichimba naye panya mwaka jana sasa ana sweta na viatu vya kufunga kamba. Mtoto haoni kifo cha mama wa mwenzake; anaona sweta. Na mama yake naye, ambaye si mjinga, anaweza kufanya hesabu. Nikimpeleka kwa afisa mtendaji nikasema ni wa dada yangu marehemu, si atasoma? Hesabu hiyo imefanywa na akina mama wengi Afrika Mashariki, na vituo vingi vimejaa watoto ambao wazazi wao wako hai kilomita chache tu kutoka hapo. Mahali panapomfaa yatima kuliko nyumba ya wazazi inavyomfaa mwanawe panatengeneza mayatima.

Jibu rahisi lilikuwapo. Wengi waliojenga karibu na barabara ile kuu walijenga na shule yao ndani ya uzio, ya Kiingereza tangu chekechea, sare nzuri, basi la rangi ya njano. Oldeani hawakufanya hivyo. Watoto wa Kijiji walipelekwa Shule ya Msingi Gyetighi, shule ya serikali iliyo jirani, wakae dawati moja na watoto wa vibarua.

Kumbuka shule za msingi zilikuwaje wakati huo. Ada ilifutwa 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza 2002, na idadi ya wanafunzi nchini ikaruka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Ulikuwa ushindi, hakuna wa kubisha. Lakini madarasa, walimu na vyoo havikuruka pamoja na watoto. Walioanza shule miaka ile wanakumbuka kukaa chini, kitabu kimoja vichwa sita, mwalimu mmoja akishika darasa la pili na la tatu kwa wakati mmoja huku akisahihisha madaftari ya la nne. Kwenye kata za mashambani mwalimu mpya alikuwa akiripoti Jumatatu, akiona nyumba aliyopangiwa, Ijumaa anarudi wilayani kuomba uhamisho. Na Karatu lipo tatizo la lugha ambalo mtu wa Pwani hulisahau. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, ndio wengi wilayani; wapo Wadatoga, Wamaasai, na huko bondeni Eyasi Wahadzabe. Mtoto wa kambini anaweza kuanza darasa la kwanza akiwa na Kiswahili cha kununulia chumvi tu. Miaka saba baadaye, akifaulu, anakutana na kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Ni kama kumvusha mtu mto kwa mtumbwi, ukimfikisha ng'ambo unamwonyesha bahari.

Mzazi mwenye uwezo hamwachi mwanawe kwenye shule ya namna hiyo, anamhamisha. Mzazi asiye na uwezo anamwacha. Kijiji cha Watoto kilikuwa mzazi mwenye uwezo aliyeamua kumwacha, na kwa hiyo akalazimika kuitengeneza shule. Wakaingia makubaliano ya ushirikiano na shule pamoja na mamlaka zake: walimu wa ziada wakaajiriwa kusaidiana na wa serikali, vitabu vikanunuliwa, majengo yakakarabatiwa, chakula kikapikwa shuleni. Hilo la chakula litazamwe vizuri, kwani ndilo linalodharauliwa na wataalamu wa mitaala. Mtoto aliyetembea kilomita kadhaa kwa chai ya rangi huanza kusinzia saa nne. Sufuria la makande saa sita hufundisha hesabu kuliko semina.

Matokeo ya darasa la saba yalipanda, na hayakupanda kwa watoto wa Kijiji peke yao. Humo ndimo ilimo akili ya uamuzi ule: walimu walioletwa kwa ajili ya watoto mia walifundisha mamia. Yule mtoto wa upande wa pili wa uzio akawa na kitabu kilekile, mwalimu yuleyule na makande yaleyale. Sweta bado lilikuwa tofauti. Lakini mama yake hakuwa tena na sababu ya kumfanya wa marehemu dada yake ili asome.

Ushirikiano wa namna hiyo uliendelea hadi Shule ya Sekondari Oldeani. Kuanzia Januari 2016 serikali ilifuta ada mpaka kidato cha nne, kwa waraka uliotolewa mwishoni mwa 2015, na sekondari nazo zikapata mafuriko yao. Sitayasimulia yote tena; ni hadithi ileile, watoto wakiwa warefu zaidi.

Afya ilikuja kwa njia hiyohiyo ya kutazama nje ya uzio. Niliahidi mgeni mwingine wa Kilimanjaro. Daktari Frank Artress, mtaalamu wa usingizi wa wagonjwa wa moyo kutoka Modesto, California, alipanda mlima mwaka 2002, mapafu yakajaa maji huko juu, nusura afe. Akapona, akauza alichokuwa nacho, na pamoja na mkewe Susan Gustafson wakaanzisha shirika la FAME, lililofungua zahanati Karatu mwaka 2008 ambayo leo ni hospitali. Madaktari na wauguzi wake wakawa wanakwenda Oldeani kwa siku maalumu kutibu watoto wa Kijiji, na pia kila anayefika: bibi wa presha, kibarua aliyejikata panga, mtoto wa kuhara. Mama anayetibiwa kifua mapema ni mtoto mmoja ambaye hatahitaji kulelewa na mtu mwingine. Sijui takwimu ya jambo hilo ingehesabiwaje, maana watoto hao hawaandikwi popote. Wako kwao.

Ikafuata mikopo midogo kwa wanawake wa jirani. Mikopo ya namna hii imesifiwa kupita kiasi duniani, na nimeona vikundi vilivyovunjika kwa deni la shilingi elfu thelathini na urafiki wa miaka kumi. Hata hivyo mwanamke wa kambini anapokuwa na genge, au kuku ishirini, au cherehani, msimu wa kahawa ukiisha hahami. Asipohama mtoto habadilishi shule, na akiugua anajulikana ni nani. Ukoo hautengenezwi kwa mkopo, lakini ujirani unaweza.

Mwaka 2020, mwaka wa UVIKO-19, ulionyesha jinsi yote haya yalivyofungwa kwa uzi mwembamba. Shule zilifungwa Machi, za msingi zikafunguliwa mwishoni mwa Juni. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000, na Karatu, mji unaolala na kuamka kwa ajili ya watalii, ulikaa kimya hata mbwa wakalala katikati ya lami. Wapishi, madereva, wafua mashuka na wauza vinyago walirudi kulima. Taasisi inayoendeshwa kwa fedha za kutoka ng'ambo hukaa na hofu ya namna hiyo kila mwaka. Wafadhili nao wana kuumwa kwao, wana uchaguzi wao, wana mtikisiko wao wa uchumi. Kuahidi mtoto kwamba haondoki ni kuahidi kwa fedha ambazo hazijafika. Wazazi wote huahidi hivyo, ni kweli, ila wengi wao wana watoto wanne.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 230,166 wilayani Karatu. Watoto mia moja katika idadi hiyo ni wachache sana, na hakuna serikali itakayojenga Kijiji kama hiki kila kata. Gharama zake haziruhusu. Atakayeiga, aanze na shule ya jirani, na sufuria, na zahanati. Hizo zinaigika. Kwa mtoto asiye na mtu kabisa, itabaki kazi ya nyumba moja na mama mmoja kwa wakati mmoja, kwa miaka ishirini, na sioni njia ya mkato.

Waliofika wakiwa wachanga mwaka ule wa kwanza sasa wana miaka ishirini na ushee. Kijana wa umri huo anayetaka chuo kikuu huingia kwenye mtandao wa Bodi ya Mikopo kujaza fomu, na humo hukutana na neno ambalo nyumbani halikutumika. Mwombaji aliyefiwa na wazazi anatakiwa kuambatisha vyeti vya vifo vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Mama aliyefia kwenye chumba cha kambi miaka ishirini iliyopita, akazikwa jioni yake na majirani, mara nyingi hana cheti. Itabidi kwenda kwa mtendaji, kutafuta mzee anayekumbuka, kula kiapo, kulipa, kungoja. Aliyelelewa miaka yote hiyo asijione yatima anatumia likizo nzima kuthibitisha kwamba ni yatima, na kwa wasaidizi wa kule kaunta ni faili kama mafaili mengine.

Chini kidogo kwenye fomu pana nafasi ya jina la mzazi au mlezi, na nafasi ya namba yake ya simu. Hiyo hahitaji kuitafuta. Ni ileile anayoibipu kila fedha ya matumizi inapokatika kabla mwezi haujaisha, na akipigiwa haraka haraka hapokei mara ya kwanza, ili aulizwe kwa nini hakupokea.